Kusomea Kriminolojia Ngazi ya Uzamili: Elimu Inayouliza "Kwa Nini" Kabla ya Kuhukumu



Utangulizi

Kila mtaa una wataalamu wake wa uhalifu. Kibaka akikamatwa sokoni, kabla polisi hawajafika utakuwa umeshasikia maelezo yote: ni bangi, ni malezi, ni makundi, ukoo wao ndivyo walivyo, ni shetani tu. Wengine hawana hata muda wa maelezo. Wanatafuta mawe na tairi. Kesho yake tunasoma kwamba mtu mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari inaishia hapo. Alikuwa nani? Alifikaje pale? Je, kifo chake kimepunguza wizi sokoni? Na wale waliompiga, wao tuwaiteje?

Maswali hayo yana somo lake. Linaitwa kriminolojia, na vyuo vikuu vingi hulifundisha hadi ngazi ya uzamili na uzamivu. Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, nami nimelifikia somo hili kupitia mlango wa falsafa ya maadili, pale tunapojadili utashi, wajibu na adhabu. Katika makala hii nitaeleza somo hili ni nini, anayelisomea ngazi ya uzamili hukutana na nini, na kwa nini linatuhusu sisi mafrateri na ninyi waamini wa parokiani. Hoja yangu ni moja: kuuliza "kwa nini" si kumtetea mhalifu. Ni kumtendea kama mtu mwenye akili na utashi, anayeweza kuwajibika kwa alichotenda na anayeweza kurudi.

Kriminolojia ni nini?

Neno hili limetokana na maneno mawili: crimen la Kilatini, lenye maana ya shtaka au kosa, na logos la Kigiriki, lenye maana ya neno, hoja au elimu. Mwanasheria Mwitaliano Raffaele Garofalo alilifanya kuwa jina la kitabu chake mwaka 1885. Baadaye mwanasosiolojia wa Marekani, Edwin Sutherland, aliligawa somo hili katika mambo matatu: jinsi sheria zinavyotungwa, jinsi zinavyovunjwa, na jinsi jamii inavyowajibu wanaozivunja.

Kriminolojia si sheria. Mwanasheria huuliza kama kosa limethibitika na kifungu gani kinahusika. Wala si uchunguzi wa maabara. Alama za vidole ni kazi ya polisi wa upelelezi, na vinasaba hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwanakriminolojia huanza pale hao wanapoishia. Kwa nini wizi wa pikipiki umezidi mtaa huu kuliko ule? Kwa nini vijana wengi huacha uhalifu wanapokaribia miaka thelathini hata bila kukamatwa? Je, kifungo kirefu kinamtisha anayetaka kuiba, au kinamtisha yule tu ambaye hakuwa na nia ya kuiba?

Hapa mwanaseminari ana msaada wa nyumbani. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba sheria ya binadamu haikatazi kila uovu. Inakataza hasa ule unaowadhuru wengine na ambao usipozuiwa jamii haiwezi kudumu, kama uuaji na wizi. Kwa hiyo dhambi na jinai si kitu kimoja. Wivu ni dhambi, lakini hakuna polisi wa wivu. Kwa upande mwingine, Thoma anasema kwamba mtu aliye katika uhitaji mkubwa na wa wazi, asiye na njia nyingine ya kujiokoa, anapochukua chakula cha mwingine hatendi wizi kwa maana halisi ya neno hilo.

Na yapo mambo ambayo sheria imeyaita makosa bila kueleza madhara yake vizuri. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama za nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, ilirithi makosa ya uzembe na uzururaji ambayo mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824. Kwa makosa ya namna hiyo mtu huweza kukamatwa kwa jinsi anavyoonekana kuliko kwa alichokifanya: hana kazi, hana pa kulala, hana maelezo ya kuridhisha. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Basi swali la kwanza la kriminolojia ni hili: ni nani anayeamua jambo gani liitwe uhalifu?

Ngazi ya uzamili inadai nini?

Anayeomba nafasi huhitaji shahada ya kwanza. Wengi hutoka kwenye sheria, sosiolojia, saikolojia au ustawi wa jamii, na aliyesoma falsafa naye anaweza kufikiriwa, mradi awe tayari kujifunza takwimu. Chuo Kikuu cha Cambridge kina Taasisi ya Kriminolojia tangu mwaka 1959. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji, nacho kina taasisi yake. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, hulifundisha somo hili kwa njia ya masafa, na vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vina idara zake. Kwa kawaida uzamili huchukua mwaka mmoja au miwili, na uzamivu mitatu au zaidi.

Tofauti na shahada ya kwanza ni hii: mwanafunzi wa uzamili hatakiwi kukariri nadharia, anatakiwa kuzipima. Na jambo la kwanza analofundishwa kulitilia shaka ni namba. Tuseme kituo kimoja cha polisi kiliandikisha kesi 40 za ukatili mwaka jana, na mwaka huu kimeandikisha 80. Je, ukatili umeongezeka maradufu? Huenda. Lakini huenda pia limefunguliwa Dawati la Jinsia na Watoto, akawekwa askari mwanamke anayesikiliza kwa upole, na akina mama waliokuwa wakinyamaza sasa wanasema. Uhalifu usioripotiwa wataalamu huuita idadi ya gizani. Ndiyo maana Marekani tangu mwaka 1973, na Uingereza tangu mwaka 1982, hufanya utafiti wa kwenda kuwauliza wananchi wenyewe kama wamewahi kudhulumiwa, badala ya kutegemea daftari la polisi peke yake. Mhubiri anayesema kutoka mimbarini kwamba "siku hizi uhalifu umezidi" angefaa aulizwe kwanza: umehesabu wapi?

Jambo la pili ni maadili ya utafiti. Mfungwa hayuko huru. Ukimpa karatasi ya maswali mbele ya askari au nyapara wake, ataijaza kwa woga, na ulichokusanya si ukweli bali ni utii. Kwa hiyo kabla ya kuingia gerezani mtafiti hupitia kamati ya maadili ya chuo, huomba ruhusa ya mamlaka ya magereza, na hupata kibali cha nchi. Nchini Kenya, kwa mfano, kibali hicho hutolewa na NACOSTI. Humweleza mfungwa kwamba anaweza kukataa bila kuadhibiwa na kwamba kukubali hakutampunguzia kifungo. Mwisho huandikwa tasnifu. Wengi waliosoma uzamili husema kwamba kazi ngumu ilikuwa kupata swali dogo linalojibika. "Kwa nini watu huiba?" si swali la tasnifu. "Vijana waliotoka gereza fulani walipata kazi kwa njia gani katika miezi sita ya kwanza?" ni swali la tasnifu.

Kila methali ni nadharia

Nadharia za uhalifu zina majina ya kigeni, lakini babu zetu walizijadili kwa methali. Nitataja nne.

Siku za mwizi ni arobaini. Tunaisema kama faraja: hata akijificha, atakamatwa. Mwaka 1764 kijana wa Milano, Cesare Beccaria, akiwa na miaka 26, alichapisha kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu kilichotikisa Ulaya nzima. Alisema kinachomzuia mtu kutenda kosa si ukali wa adhabu bali uhakika wake na uharaka wake. Kwa kipimo hicho, mwizi mwenye siku arobaini ana siku thelathini na tisa za matumaini. Beccaria alipinga mateso ya kumlazimisha mtu akiri, akapinga pia adhabu ya kifo. Lazima tuseme ukweli kama wanafunzi wa historia ya Kanisa: mwaka 1766 kitabu chake kiliwekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha namba 2267 ya Katekisimu, ili ifundishe kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu isiyovunjwa. Hapa kwetu adhabu hiyo bado iko vitabuni, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987 na Tanzania haijafanya hivyo kwa takribani miaka thelathini.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano Cesare Lombroso alitoa kitabu kuhusu mtu mhalifu. Alipima mafuvu, taya, masikio na mikono ya wafungwa, akadai kwamba wahalifu wengi wamezaliwa hivyo na wanatambulika kwa miili yao. Dai hilo lilivutia kwa sababu linawapumzisha wengine wote: kama uovu uko kwenye taya la mwenzangu, mimi niko salama. Mwaka 1913 daktari Mwingereza Charles Goring alichapisha vipimo vya wafungwa wapatao 3,000 akiwalinganisha na watu wasio wafungwa, na hakuiona ile sura ya mhalifu. Lombroso alishindwa kwa takwimu, lakini mtaani bado yu hai. Kila tunapokataa mtoto wa fulani asiwe mtumishi wa altare kwa sababu baba yake alifungwa, Lombroso anatabasamu.

Ndege wafananao huruka pamoja. Sutherland alifundisha kwamba uhalifu hufunzwa kama ufundi mwingine: mtu hujifunza kwa walio karibu naye namna ya kutenda na namna ya kujitetea moyoni. Katika jiji la Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay walionesha mwaka 1942 kwamba mitaa fulani karibu na katikati ya jiji ilibaki na makosa mengi ya vijana, ingawa makabila na mataifa ya wakazi yalikuwa yakibadilika. Wakazi waliohama hawakuondoka na uhalifu ule. Ulibaki mtaani, palipokuwa na umaskini, kuhamahama na watu wasiofahamiana. Lakini Sutherland hakuishia kwa maskini. Mwaka 1949 alitoa kitabu kuhusu uhalifu wa watu wenye tai na ofisi, baada ya kuchunguza makampuni makubwa 70 ya Marekani, na kukuta kwamba yalivunja sheria mara kwa mara. Mchapishaji aliogopa, majina ya makampuni yakaondolewa. Yalirudishwa katika toleo la mwaka 1983. Hapo tunajifunza kuuliza kwa nini mwizi wa kuku hupigwa na mla michango ya ujenzi hupewa muda wa kujieleza.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka 1969 Travis Hirschi aligeuza swali. Badala ya kuuliza kwa nini wengine huvunja sheria, aliuliza kwa nini wengi wetu hatuivunji, ingawa vishawishi tunavyo. Jibu lake lilikuwa vifungo vinne: upendo kwa watu tusiotaka kuwaumiza, malengo tunayoogopa kuyapoteza, shughuli zinazotujaza siku, na imani kwamba sheria ina haki ya kutiiwa. Kifungo kimoja kikikatika, vingine hushikilia. Vikikatika vyote, mtu hubaki peke yake na kishawishi.

Swali la utashi huru

Nadharia hizi zikisomwa harakaharaka zinaweza kumfikisha mtu mahali pabaya: kama mtaa, marafiki na malezi vinaeleza kila kitu, basi hakuna mwenye kosa. Hapa ndipo falsafa inapodai nafasi yake darasani.

Beccaria alimwona mtu kama mfanyabiashara anayepima faida na hasara. Lombroso alimwona kama mashine iliyoharibika. Mapokeo yetu hayakubaliani na yeyote kati yao kikamilifu. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba hisia na tamaa za mwili zinaweza kuuelemeza utashi bila kuulazimisha, isipokuwa pale zinapoifunika akili kabisa. Kuelemea si kulazimika. Mti ulioelemewa na upepo wa miaka ishirini utaegemea upande mmoja, na ni upumbavu kuulaumu kana kwamba umekua uwanjani pasipo upepo. Lakini mtu si mti: anaweza kutambua upepo unakotoka. Ndiyo maana Katekisimu inatambua kwamba ujinga, woga, mazoea na shinikizo vinaweza kupunguza wajibu wa mtu, hata kuuondoa, bila kufuta ukweli kwamba kitendo chenyewe kilikuwa kiovu.

Mwanakriminolojia mzuri anapoonesha kwamba vijana wa mtaa fulani wako katika hatari zaidi, anazungumzia wengi kwa pamoja. Hawezi kukuambia kijana huyu mmoja atachagua nini kesho. Katika mtaa uleule, nyumba ileile, kaka mmoja ni jambazi na mwingine ni katekista. Takwimu hueleza upepo. Padre anayesikiliza maungamo hukutana na mti mmoja mmoja. Anayejua vyote viwili hatakuwa mkali kupita kiasi, wala hatamwambia mtu kwamba hana kosa, neno ambalo linasikika kama huruma lakini linamnyang'anya uwezo wa kutubu.

Kesi iliyosikilizwa Arusha

Wapo wanaodhani kriminolojia ni ya Wazungu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1976 msomi wa Norwe, Nils Christie, alialikwa kuzindua kituo cha kriminolojia katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Aliwashangaza wenyeji wake kwa kusema huenda taasisi za namna hiyo zingefungwa badala ya kufunguliwa. Kisha akawasimulia kesi aliyoiona katika kijiji kimoja mkoani Arusha.

Mwanamume na mwanamke walikuwa wachumba, na mwanamke akavunja uchumba. Mwanamume alitaka kurudishiwa alivyotoa. Nyumba ilijaa watu wazima wa kijiji. Wadai wawili walikuwa katikati, ndugu na marafiki karibu yao, na watu wote walishiriki kwa maswali, habari na mizaha. Mahakimu walikuwepo, lakini walizungumza kidogo kuliko wote, maana kuhusu mambo ya kijiji wanakijiji ndio waliokuwa wataalamu. Christie alilinganisha na mahakama za kwao, ambako wanaohusika hukaa pembeni huku wataalamu wakizungumza lugha yao. Hoja yake, iliyochapishwa mwaka 1977, ni kwamba ugomvi ni mali ya walio katika ugomvi, na kwamba serikali na wanasheria wameiba mali hiyo. Anayepoteza zaidi ni aliyedhulumiwa: kwanza ameibiwa na mwizi, kisha ameibiwa kesi yake. Makala hiyo husomwa hadi leo na wanaojifunza haki ya upatanisho.

Mwaka 1989 Mwaustralia John Braithwaite aliongeza jambo linalotugusa. Alitofautisha aibu za namna mbili. Ipo aibu inayotenga, inayomwambia mtu "wewe ni mwizi" na kumfungia mlango. Ipo pia aibu inayorudisha, inayomwambia "ulichofanya ni wizi, na wewe ni wetu, kwa hiyo rekebisha." Mkatoliki ataitambua hii ya pili mara moja: majuto, maungamo, malipizi, halafu mezani.

Lakini tusiuchukue upatanisho kama dawa ya kila ugonjwa. Tunajua kesi za watoto walionajisiwa ambazo "zimemalizwa kifamilia" kwa ng'ombe au fedha, baba na mjomba wakapeana mikono, na mtoto akaendelea kumwona aliyemuumiza kila siku njiani. Huo si upatanisho, maana aliyeumizwa hakuulizwa. Upatanisho wa kweli unahitaji ukweli kwanza, usalama wa mnyonge, na hiari yake. Penye ubakaji na ukatili kwa watoto, mahali pa kwanza ni polisi na hospitali.

Kanisa nalo limechunguzwa

Lipo jambo ambalo mwanaseminari hapaswi kulikwepa. Maaskofu wa Marekani waliagiza uchunguzi kutoka Chuo cha John Jay cha New York, chuo kinachofundisha masuala ya haki jinai. Ripoti ya mwaka 2004 ilionesha kwamba kati ya mwaka 1950 na 2002 mapadre na mashemasi 4,392 walituhumiwa kuwadhulumu watoto kingono, karibu asilimia 4 ya waliokuwa katika huduma, na waliotajwa kudhulumiwa walikuwa 10,667. Ujerumani, ripoti ya mwaka 2018 iliyoandaliwa kwa ushirikiano na wanakriminolojia wa Heidelberg, iligundua katika nyaraka za majimbo watuhumiwa 1,670 na watoto 3,677.

Tunasoma namba hizo kwa uchungu, na tunapaswa kukumbuka ile idadi ya gizani: ni zile tu zilizoandikwa. Kriminolojia inatusaidia tusikimbilie majibu mepesi. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba kosa hutokea pale vitu vitatu vinapokutana: mtu mwenye nia, mlengwa anayefikika, na kutokuwepo mlinzi. Sala na malezi ya seminari hugusa kile cha kwanza, yaani nia, nayo ni kazi ya maisha yote. Lakini kile cha tatu kinaweza kurekebishwa wiki hii. Mlango wa ofisi ya parokia uwe na kioo. Watumishi wa altare wasisafiri na mtu mzima mmoja peke yake. Mtoto ajue nani wa kumwambia, na anayeambiwa ajue wajibu wake. Mwaka 2019 Papa Fransisko, kwa barua Vos estis lux mundi, aliwabana mapadre na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa. Hatua hizi hazimaanishi kwamba tunamshuku kila mtu. Zinamlinda mtoto, na zinamlinda pia padre mwema.

Anayerudi nyumbani

Wanaokwenda utume wa magereza wanajua kwamba maswali ya wafungwa mara nyingi si ya teolojia. Mmoja huuliza kwa sauti ya chini, baada ya sala ya mwisho: "Frateri, nikitoka nitarudi wapi?"

Wataalamu wamelifanyia kazi swali hilo. Robert Sampson na John Laub walifuatilia maisha ya wanaume wa Boston ambao walipokuwa wavulana walikuwa kati ya wakosaji 500 waliochunguzwa zamani na wenzao wengine. Baadhi walifuatiliwa hadi miaka 70. Waliona kwamba utoto mbaya haukuamua kila kitu. Ndoa yenye mapendo, kazi ya kudumu au utumishi jeshini viligeuza maisha ya wengi. Shadd Maruna, katika utafiti wa Liverpool uliochapishwa mwaka 2001, alisikiliza jinsi waliokuwa wahalifu walivyosimulia maisha yao. Walioacha walikuwa na masimulizi yenye mlango: ndani yangu kuna mtu mwema, na yale niliyopitia yanaweza kumsaidia mwingine. Walioendelea walijiona kama watu ambao hadithi yao imeshaandikwa.

Nani humpa mtu hadithi yenye mlango? Mara nyingi ni mtu mwingine aliyemwamini kabla yeye hajajiamini. Parokia inaweza kulifanya hilo bila bajeti kubwa. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kumtembelea mama wa mfungwa wakati kijana bado yuko ndani, ili asirudi kwenye nyumba iliyotengwa. Fundi wa parokia anaweza kumchukua kama kibarua kwenye ujenzi. Si lazima apewe ufunguo wa sanduku la sadaka wiki ya kwanza. Busara hiyo Cohen na Felson wangeiunga mkono. Lakini apewe kitu cha kufanya, aitwe kwa jina lake, na zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ifike. Na aliyeibiwa asisahauliwe: naye atembelewe, aulizwe anahitaji nini, asiambiwe asamehe kabla hajasikilizwa.

Hitimisho

Nani asomee kriminolojia? Askari polisi na wa magereza, mahakimu, maofisa ustawi wa jamii, walimu na waandishi wa habari watapata faida ya moja kwa moja. Kwa mlei kijana anayesoma makala hii akiwa na shahada ya kwanza, hii ni njia halali ya utume, hata kama haina joho. Kwa frateri, masomo ya namna hiyo huja baadaye, kwa utume wa askofu na mahitaji ya jimbo. Lakini jimbo lenye magereza na mahabusu lingepata faida kuwa na padre mmoja aliyelisomea vizuri, kama lilivyo na mtaalamu wa sheria za Kanisa.

Bwana wetu alijitambulisha na waliofungwa, na hakuweka sharti kwamba wawe wamefungwa kwa kuonewa. Tunapowatembelea tunapeleka sabuni, rozari na wimbo. Tupeleke pia akili iliyojifunza kuuliza vizuri, maana mfungwa anatambua haraka anayemwonea huruma na anayemheshimu.

Tuzidi kuombeana.

Mwandishi ni frateri, mwanafunzi wa falsafa.